Mgonjwa wa Kuazima

Wodini walimwita Sista Nusu. Aliyemtungia jina hilo simjui, ila nikimpata nitampa maneno yake, hata kama siku ya kwanza nilipolisikia nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nusu, kwa sababu uuguzi aliusomea nusu. Alikaa chuoni miaka miwili, akifaulu kila muhula, kisha akashika mimba ya kaka yangu, na chuo cha wakati ule hakikutaka kuona tumbo darasani. Akafungasha nguo na madaftari, akaja kwetu kuwa shemeji yangu. Mimba ile leo ni binti mwenye watoto wake, na mama mtu bado alikuwa nusu.

Alipata kazi hospitali, mhudumu katika wodi ya wanaume. Kazi aliyoandikiwa ilikuwa kufagia, kugawa chakula na kubadilisha mashuka. Lakini wauguzi wenye leseni walikuwa wachache na wagonjwa hawakuwa wachache. Walipogundua tu kwamba anajua kupima presha, wakamtwika. Akawa anaogesha wazee, anageuza wasioweza kujigeuza, anapima joto, anapima mapigo, anajaza chati. Wenzake wakiingia zamu wanamwita Sista Nusu na kumwachia nusu ya kazi zao. Wagonjwa walimwita sista tu.

Mimi ni mdogo wa mume wake. Ninakaa chumba cha uani katika nyumba yao, maana mke wangu alinikimbia zamani na sikuona haja ya kutafuta mwingine wa kunikimbia. Kazi yangu ilikuwa mashine ya kusaga. Nilimimina mahindi juu, nikapokea unga chini, kutwa nzima, ndani ya banda lenye mlango mmoja na dirisha lililozibwa na vumbi. Jioni narudi nyumbani kope nyeupe, nyusi nyeupe, masikio meupe, na watoto wa mtaani wananipigia kelele, "Mzungu! Mzungu!" Shemeji akinikuta mlangoni husema, "Jikung'ute huko huko nje, bwana mdogo. Humu ndani hatupiki uji." Namjibu, "Sawa, daktari bingwa." Ndivyo tulivyoishi, na sikuona ubaya wowote katika maisha hayo.

Utani ulipungua mwaka ule hospitali ilipotangaza kwamba asiye na leseni hatamgusa mgonjwa tena. Wahudumu wote watahamishiwa chumba cha kufulia. Matroni alimwita shemeji ofisini akamwambia upo mlango mmoja tu: anayetaka kusomea shahada ya uuguzi atapewa ruhusa ya miaka miwili, na nafasi yake itamngoja. Ikipita miwili, haimngoji mtu.

"Shahada ni miaka minne," kaka alisema tukiwa mezani. Kaka ni fundi mwashi, kila kitu anakipima kwanza. "Miwili haitoshi minne. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Ninayo miwili yangu," shemeji akasema.

"Ipi?"

"Ile niliyoiacha."

Alisema hivyo huku anasuuza sahani, bila kugeuka. Kaka akainamisha kichwa. Aliyeikatiza miaka ile alikuwa yeye, na katika nyumba yetu jambo hilo halisemwi, ingawa kila mtu analijua.

Mimi nilidhani masomo yakilala sana yanachacha. Kumbe hayachachi yote. Chuo kinaweza kuyapokea masomo uliyofaulu kwingine, wao wanayaita krediti, yakahesabiwa kana kwamba umeyasoma kwao. Msajili wa chuo, baba mmoja mwenye kicheko cha karibu, aliyapitia ya shemeji moja moja. Somo la mwili wa binadamu alilipitisha palepale. "Mifupa ni ile ile, mama," alimwambia. "Hakuna ulioongezwa." Kemia alimfanyisha mtihani wa kuandika, na shemeji akafaulu, na siku hiyo alirudi nyumbani anaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba kabla ya hapo. Sauti hana, lakini sikumwambia.

Likabaki somo moja, Misingi ya Uuguzi. Hilo halikuhamishika kwa maandishi. Lilitaka kuonyeshwa kwa mikono, mbele ya mkufunzi, mara moja tu. Likikubaliwa, ataingia mwaka wa tatu na kurudi wodini na leseni yake kabla ruhusa haijaisha. Likikataliwa, ataanza mwaka wa kwanza, na nafasi yake hospitali imekwenda na maji.

"Ni haki," kaka alisema. "Msingi huukagui kwa kutazama ramani. Unashuka shimoni."

"Wewe naye kila kitu nyumba," shemeji akamjibu, lakini aliendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Aliogopa. Si kwamba kufua ni aibu, hata kidogo, nguo chafu hazijifui zenyewe. Ila mtu ameshika watu maisha yake yote, halafu unamwambia ashike mashuka tu. Ningekuwa mimi ningelia, na sidhani kwamba yeye hakulia.

Sasa sikiliza kanuni ya chuo chenyewe. Midoli yao ya kufanyia mazoezi ilikuwa imechakaa, mmoja hauna mkono, mwingine kichwa kinazunguka bila breki. Kwa hiyo kila mtahiniwa alitakiwa aje na mgonjwa wake, yaani mtu mzima asiye na maradhi, wa kulala kitandani akahudumiwa. Mgonjwa wa kuazima. Shemeji akamtazama mumewe, na mumewe akasema yuko tayari. Tukamjaribu. Alipoguswa mbavu akacheka akaanguka kutoka kitandani, na alipolazwa tena akakoroma kabla hajafunikwa.

"Huyu hafai hata kuugua," shemeji akasema. Akanigeukia mimi. "Bwana mdogo, umepata kazi."

"Mshahara wake?"

"Utaogeshwa. Umekuwa ukihitaji siku nyingi."

Tukafanya mazoezi chumbani kwangu kila jioni. Kaka alikaa kwenye kiti akawa mkufunzi, amevaa miwani ya marehemu baba ili apate ukali wa kutosha. Shemeji aliingia, akanawa mikono kwenye beseni, akajitambulisha kwangu kana kwamba hajapata kuniona, akaniuliza kama naumwa popote. Nikijibu upuuzi ananifinya. Alitandika kitanda nikiwa humo humo ndani, ananiviringisha upande huu na upande ule, na sikusikia hata shuka likinikwaruza. Nimelala vitandani umri wangu wote na sikujua kwamba kulala ni jambo linaloweza kufanywa vizuri namna ile. Kisha kipimajoto. Kisha anashika kifundo cha mkono wangu, jicho kwenye saa, midomo kimya. Kisha presha. Halafu anaandika.

"Joto, sawa," kaka anasoma kwa sauti ya kibosi. "Mapigo, sawa. Presha, sawa. Pumzi, ishirini."

"Hiyo ya pumzi umeipima saa ngapi?" niliuliza jioni ya kwanza. "Mimi sijaona."

Shemeji alicheka. "Hiyo huwa ishirini, shemeji. Mtu mzima ni ishirini."

"Watu wazima wote?"

"Wewe ukiwa na wodi imejaa mpaka kwenye korido, utakaa umtazame kila mtu kifua dakika nzima? Tunaandika ishirini. Sista anaandika ishirini, zamu ya jioni inaandika ishirini, daktari anapita anaona ishirini anafurahi."

"Basi wodi nzima inapumua kama kwaya."

"Ndiyo hivyo. Na mimi ndiye mwalimu wa kwaya. Geuka."

Tukacheka wote watatu. Nayaeleza haya ili ujue kwamba hakukuwa na siri yoyote. Jambo lilikuwa mezani, wazi kabisa, na tulilicheka.

Siku ya mtihani nilivaa shati langu jeupe, la harusi na misiba. Chumba cha mazoezi kilikuwa ghorofa ya juu na ngazi zake ni za wenye miguu mipya. Shemeji alipanda mbele na mkoba wake. Mimi kwenye kona ya kwanza nikasimama nikashika ukuta. Kwenye kona ya pili nikasimama tena. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, na koo linalia kidogo, kama kawaida.

"Mvivu we!" alinirushia kutoka juu. "Ndiyo maana mkeo alikuacha."

"Pumzi ya mashineni hii," nikamjibu. "Ngoja, inakuja."

Nasi tuliiita hivyo, pumzi ya mashineni. Kila aliyefanya kazi bandani kwetu alikuwa nayo. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa nayo kuliko wote. Alikuwa akipanda kibaraza cha banda anakaa kwanza kwenye gunia ndipo asalimie. Baadaye akaacha kuja. Tulisema uzee.

Mkufunzi alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye saa iliyobanwa kifuani kichwa chini miguu juu. Hakutabasamu na hakununa. Aliniambia, "Lala, baba," akavuta kiti mpaka miguuni pangu, akakaa. Nilishangaa kitu kimoja. Nilitegemea atazame mikono ya shemeji, maana ndiyo iliyoletwa kukaguliwa. Yeye macho yake kila mara yalirudi kwangu, hapa kifuani. Nikafikiri labda kifungo kimekatika. Nikapapasa, vifungo vyote vipo.

Shemeji alifanya kazi yake vizuri kuliko alivyofanya nyumbani. Woga ulimtoka alipoanza kunawa mikono. Aliniuliza kama naumwa nikajibu kwa adabu. Alinigeuza, akanifuta mgongo, akanifunika kila alipomaliza sehemu ili nisiachwe uchi, akaongea nami kwa sauti ya chini muda wote. Nilimwona mkufunzi akitikisa kichwa kukubali, mara ya kwanza, mara ya pili. Moyoni nikasema, amekwisha kuwa mzima, huyu si nusu tena. Roho yangu ilijaa. Akapima joto, akapima mapigo, akapima presha. Akachukua kalamu akaandika, akampa mkufunzi chati kwa mikono miwili.

Mama yule akasoma. Akaiweka chati juu ya magoti.

"Pumzi ishirini," alisema. "Umehesabu?"

Nikamtazama shemeji, naye alikuwa amesimama na kalamu mkononi, mdomo wazi kidogo. Na mimi, kwa kuwa mdomo wangu haujawahi kumngoja mwenyewe, nikajibu kutoka kitandani.

"Amehesabu, mama. Mimi mwenyewe nimemsikia akihesabu."

Mkufunzi akanigeukia taratibu. Hakukasirika. "Baba, anayehesabu pumzi vizuri, mgonjwa hajui kama anahesabiwa. Unamshika mkono kana kwamba bado unapima mapigo, au unaongea naye mambo yako, na huku unatazama kifua. Akijua, pumzi inabadilika. Hukuweza kumsikia."

Nilitamani godoro linimeze. Nilitaka kumwokoa nikamzamisha. Lakini bado alikuwa na nafasi. Angesema tu, ndiyo, nimehesabu, huyu ni mropokaji, ndivyo tulivyomzoea nyumbani. Nani angembishia? Mama yule alikuwa akimpa nafasi hiyo, nilimwona. Aliuliza na akangoja.

"Shemeji, nyamaza," shemeji akasema. Kisha akamtazama mkufunzi usoni. "Sikuhesabu."

"Kwa nini?"

"Wodini hatuhesabu. Tunaandika."

"Nani?"

"Wote."

"Basi hesabu sasa."

Akakaa karibu nami, akashika mkono wangu. Mimi nikajitahidi kupumua vizuri, kwa heshima, kama mtu anayepigwa picha. Ukishaifikiria pumzi unasahau inavyovutwa. Nikazuia, ikanishinda, ikatoka yote pamoja na kikohozi. Yeye aliendelea. Jicho moja kwenye saa, jicho moja kwangu. Nimemfahamu shemeji yangu kwa miaka mingi na nimeuona uso wake katika shida na katika raha, lakini sikuwahi kuuona ukibadilika namna ile, polepole, huku mkono wake ukizidi kunibana.

"Ngapi?" mkufunzi akauliza.

"Thelathini na nne."

"Mimi pia. Nilihesabu alipolala tu, nikadhani ni ngazi. Nikasubiri ishuke. Haijashuka." Akanigeukia. "Baba, unafanya kazi gani?"

"Mashine ya kusaga," nikasema. "Hii ni pumzi ya mashineni tu, mama. Wote tunayo."

Shemeji alikuwa amekwisha kufungua vifungo vya shati langu. Akaweka vidole hapa juu ya mfupa wa bega, penye kishimo, akavitazama vikizama ndani kila ninapovuta hewa.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu lini nini?"

"Unapumua hivi tangu lini?"

"Si siku zote? Mbona unanijua."

"Nakujua," alisema. "Nakula nawe meza moja." Na hapo akalia, mbele ya mkufunzi, bila kujifuta. Mganga hajigangi, watu husema, lakini mimi sikuwa mganga, nilikuwa shemeji mtu, chumba cha uani, na ukuta kati yetu ni mwembamba. Kila usiku alinisikia nikihema akadhani nakoroma.

Nikakasirika. Siwezi kusema uongo, nilimkasirikia yule mama kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nikakaa kitandani shati wazi nikamwambia, "Sasa mama, umemwona mikono yake. Umemwona anajua kuhesabu. Mpe somo lake tuondoke. Kosa moja!"

"Mikono yake haina kasoro," mkufunzi alisema, na alisema kwa upole ulionizidishia hasira. "Lakini wewe ungetoka hapa leo na ishirini yako, ungerudi kusaga. Hilo si kosa moja, baba. Hilo ndilo somo lenyewe." Akamrudishia shemeji chati. "Somo hili silihamishi, binti yangu. Utalisoma upya. Huyu mpeleke hospitali leo, si kesho."

Kwenye ngazi shemeji alitangulia tena, lakini safari hii alisimama kwenye kila kona akaningoja, na hakunitania. Ningependa angenitania.

"Ungesema umehesabu," nilimwambia.

"Halafu?"

"Halafu ungekuwa mwaka wa tatu."

"Nawe ungekuwa wapi?"

Nikashika ukuta nikangoja pumzi yangu.

Daktari alinipiga picha ya kifua. Alituonyesha mapafu yangu kwenye kioo chenye taa na kueleza mengi, na niliyoyashika ni machache: vumbi la miaka limeyachosha, yaliyokwisha kuharibika hayatarudi, yaliyobaki yanaweza kutunzwa, na bandani nisikanyage tena. Nikamuuliza nikifunga kitambaa puani je. Akasema nisikanyage. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakipeleka nyumbani kila jioni na kujikung'uta nacho mlangoni. Nilirudi mashineni mara moja, kuaga. Wenzangu walisikitika, mmoja akaniambia nimejiendekeza. Alisema hivyo akiwa amekaa juu ya gunia, kifua kinapanda na kushuka.

Nyumbani kukawa kuzito. Kaka hakulala vizuri siku nyingi. Alitaka kuelewa jambo moja tu, kwa nini mkewe hakujitetea, na alimwuliza kila mara kwa namna nyingine, asubuhi, mezani, mlangoni. Mwisho shemeji alimwambia, "Ningesema nimehesabu, ningekuwa nimeandika ishirini mara mbili." Kaka akachukua kofia akatoka nje, na aliporudi hakuuliza tena.

Wiki zake za mwisho wodini zilikuwa mbaya zaidi. Alianza kuhesabu. Alisimama kwenye kila kitanda dakika nzima, anaandika alichokiona, na chati zake zikaanza kuwa na kumi na nane, ishirini na sita, thelathini, ishirini na mbili. Zamu iliyofuata ikawa inaandika ishirini chini yake, na chati ikaonekana ya ajabu, mgonjwa anahangaika asubuhi, jioni ametulia tuli. Wauguzi walimnunia. Walisema anachelewesha kazi, walisema anawachongea, na yule aliyekuwa akimwachia kazi zake zote akamwambia mbele ya wagonjwa, "Sista Nusu, umefeli chuoni unakuja kutufelisha sisi hapa?" Alinisimulia haya huku anavua viatu. Nikamwambia nitakwenda nimtandike huyo mtu makofi. Akanitazama akasema, "Utafikaje, na ngazi za wodini?" Tukacheka kidogo, lakini kidogo kweli.

Kisha akafanya alichofanya. Hakwenda kufua mashuka na hakuchukua ile ruhusa ya miaka miwili, maana haikumsaidia kitu. Aliacha kazi. Akaanza mwaka wa kwanza, na masomo yale mengine yaliyokubaliwa yamempunguzia mzigo lakini hayamfikishi haraka, kwa kuwa kila kitu kinalingoja lile moja. Anakaa darasani na watoto wanaolingana na binti yake. Wanamwita mama, wanamwomba awahifadhie viti. Akimaliza, hospitali yake haina deni naye, ataomba kazi kama mgeni yeyote, akiwa na mvi. Nikimwuliza kama anajuta hunijibu kwamba ana mtihani. Mkufunzi wake wa Misingi ya Uuguzi ni yule yule mama mfupi. Nilimtukana vya kutosha chumbani kwangu, nikachoka. Siku hizi nikimfikiria namwona amekaa pale miguuni anasubiri pumzi yangu ishuke, mtu asiyenijua hata jina, na hasira inakosa pa kushika.

Mimi nakaa barazani. Nashona mifuko, kazi ya kukaa. Watoto wa mtaani hawaniiti tena Mzungu, nimerudi rangi yangu, na siku ya kwanza waliponipita bila kelele niliumia kuliko nilivyotarajia.

Jioni shemeji akirudi chuoni anaweka mkoba, anavuta kigoda, anakaa karibu nami. Ananishika mkono, hapa kwenye kifundo, na kuanza kunisimulia. Mara msichana mmoja darasani kalala akaota kwa sauti, mara ule mdoli kichwa kimeng'oka kabisa. Hadithi zenyewe hazina kichwa wala miguu. Anaongea huku macho yake yako hapa kifuani, na najua anachofanya, nilifundishwa na mama yule yule. Basi najifanya sijui. Natazama barabarani, naitikia, nacheka panapostahili, nisije nikaiharibu hesabu yake. Hadithi ikiisha huuachia mkono, anaingia ndani kupika. Hajawahi kuniambia ni ngapi, na mimi sijauliza.

Jana hadithi iliisha vizuri, nikacheka. Hakuuachia mkono. Akaanza hadithi nyingine.